Moshi mweupe si lazima gasketi iwe imeungua

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya mtandaoni: injini iliyofanyiwa ovahoo (kufunguliwa na kukarabatiwa yote) ikitoa moshi mweupe, gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya kichwa cha injini na bloku, kinachozuia kulanti isiingie kwenye silinda) imeungua, injini ifunguliwe upya. Si lazima iwe hivyo.

Lita 1 ya petroli ikiungua hutoa takriban lita 1 ya maji. Ekzosi ikiwa baridi, mvuke wake huonekana mweupe, kisha hupotea injini ikipata moto. Kulanti (maji ya kupoozea injini) nayo hushuka kidogo mwanzoni baada ya ovahoo, kwa kuwa hewa iliyonaswa ndani inatoka. Dalili hizo mbili zikikutana, mtu aliyetoka kulipa fundi lazima aingiwe na hofu.

Injini ikiwa imepoa kabisa (mfuniko wa rejeta, yaani kipoozeo cha kulanti, haufunguliwi ikiwa moto), jaza kulanti, weka alama ya kiwango, angalia tena kesho. Ikiendelea kupungua, na moshi wenye harufu tamutamu haukomi, fundi apime mfumo wa kulanti kwa presha. Oili yenye rangi ya maziwa ni ishara nzito zaidi, kwamba kulanti imeingia kwenye oili. Oili ikipanda kwenye kijiti cha kupimia na kunuka petroli, petroli inavujia ndani: usiwashe injini.

Tafadhali, ujumbe ule usiusambaze. Unaweza kumfanya mtu afungue injini nzima bure.