Mgogoro wa Macross: Anayekupa Leseni, Yeye Mwenyewe Alipewa Nini?

Kila tunapofanya kampeni ya elimu ya hakimiliki, wapo vijana wanaokuja mezani kwetu na karatasi mkononi. Mara nyingi ni barua pepe iliyochapishwa, mistari mitatu au minne, kutoka kwa mtu aliyeko nje ya nchi anayejitambulisha kuwa msambazaji wa katuni fulani ya Kijapani. Anasema anaruhusu itafsiriwe kwa Kiswahili. Muda wa ruhusa haukutajwa. Eneo halikutajwa. Hakuna popote anapoonyesha kwamba yeye mwenyewe anayo haki ya kuruhusu. Kijana ameshanunua maikrofoni, ameshaingiza sauti sehemu kadhaa, na ameshakubaliana bei na wenye vibanda wanaojaza muvi kwenye flashi.

Tukimwambia karatasi hiyo haitoshi, anaona tunambania riziki. Naandika haya kwa sababu jasho lake linaniuma. Kazi ya kutafsiri ni ngumu na wengine wana kipaji kikubwa. Ila kuna swali moja ambalo karibu hakuna anayeliuliza kabla ya kuanza kazi: huyu anayenipa leseni, yeye alipewa nini, na nani? Sina mfano unaolieleza swali hilo vizuri kuliko Macross, msururu wa katuni za roboti wa Kijapani, ambao uligombanisha kampuni zenye mawakili wazoefu wa Tokyo na Los Angeles kwa takriban miaka 20.

Ieleweke kwamba maelezo haya ni elimu kwa umma, wala si ushauri wa kisheria juu ya shauri la mtu yeyote.

Macross ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Japani Oktoba 1982 na kumalizika Juni 1983, sehemu 36. Wanaofuatilia anime, yaani katuni za Kijapani, wanaijua hadithi, sitaisimulia. Cha muhimu kwetu ni namna ilivyotengenezwa. Studio Nue ndiyo iliyobuni wazo na michoro. Big West, wakala wa matangazo, ndiye aliyekuwa mdhamini. Fedha hazikutosha, kwa hiyo Tatsunoko Production ikaingia na mtaji pamoja na mafundi wa kutengeneza filamu yenyewe, na kwa mchango huo ikapata haki ya kuuza kazi hiyo nje ya Japani. Meza moja, wakubwa watatu, kila mmoja ameweka chake. Mwaka 1982 hakuna aliyeona tatizo, maana nani alijua kwamba watoto wa Marekani wangeipenda?

Sasa ichukue ndege moja tu ya humo, VF-1 Valkyrie, aliyoibuni Shoji Kawamori. Ikiwa angani inafanana sana na F-14, ndege ya kivita ya Marekani. Ikishusha miguu inakuwa nusu ndege nusu roboti. Ikikunjuka yote inasimama wima kama mtu, na zile injini mbili za nyuma ndizo zimekuwa miguu. Mchoro wa ndege hiyo kwenye karatasi ni kazi ya sanaa, ina mwenyewe. Filamu inayoonyesha ndege hiyo ikiruka ni kazi nyingine, na mwenyewe anaweza kuwa mwingine. Wimbo unaosikika rubani akiwa ndani yake ni kazi ya tatu. Na neno Macross lililochapwa kwenye boksi la mwanasesere wake ni alama ya biashara, ambayo ina sheria yake, daftari lake la usajili na ada zake. Vyote hivyo vimekusanyika kwenye kitu ambacho mtoto anakishika kwa mkono mmoja.

Tatsunoko iliuza leseni kwa kampuni ya Marekani iitwayo Harmony Gold. Wakati huo televisheni za Marekani zilizotaka kipindi cha kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, zilihitaji angalau sehemu 65, yaani wiki 13 kwa siku tano. Macross ilikuwa na 36. Mtayarishaji Carl Macek akaiunganisha na anime nyingine mbili za Tatsunoko, Southern Cross na Mospeada, ambazo kwao Japani hazikuwa na uhusiano wowote wa kihadithi na Macross wala zenyewe kwa zenyewe. Majina yakabadilishwa, rubani Hikaru Ichijo akawa Rick Hunter, na mwaka 1985 ikatoka Robotech, sehemu 85. Ilipendwa sana. Watu wengi waliifahamu anime kupitia Robotech, na sitaki mtu adhani nailaumu kwa hilo.

Kule Japani Macross haikufa. Ilitoka filamu ya sinema mwaka 1984, kisha Macross 7 mwaka 1994, Macross Frontier mwaka 2008, Macross Delta mwaka 2016. Lakini mpenzi wa Macross aliyekaa Marekani hakuweza kuzinunua hizo tatu za mwisho kihalali kwa miaka mingi. Wengi wanasema hakuna hata moja iliyovuka bahari. Si kweli: Macross II na Macross Plus ziliuzwa huko miaka ya 1990. Mlango ulifungwa baadaye, Harmony Gold ilipoanza kuishikilia alama ya biashara ya Macross na kudai haki pana juu ya kila kilichotokana na kazi ya kwanza nje ya Japani.

Hapo ndipo mahakama zilipoingia, na ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Naomba usome taratibu.

Februari 2002 Mahakama ya Wilaya ya Tokyo iliamua kwamba michoro 41 ya awali ya wahusika na mashine ni ya Big West na Studio Nue. Januari 2003 mahakama hiyohiyo ikaamua kwamba hakimiliki ya filamu, yaani zile sehemu 36 kama zilivyorushwa, ni ya Tatsunoko, na Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Tokyo ikakubaliana nayo. Nimeshasikia watu wakisema mahakama za Japani zilijipinga. Hazikujipinga hata kidogo. Sheria ya hakimiliki ya Japani, kifungu cha 29, inampa mtengenezaji wa filamu haki ya filamu hiyo pale mwongozaji anapokuwa ameahidi kushiriki kuitengeneza. Kifungu hicho hakimpi michoro iliyokuwepo kabla kamera haijawashwa. Hukumu ni mbili kwa sababu mali ni mbili.

Sasa rudi kwa aliyenunua. Harmony Gold ilipata haki zake kwa Tatsunoko. Kama Tatsunoko ina filamu, inaweza kutoa leseni ya filamu. Je, inaweza kutoa leseni ya kutengeneza hadithi mpya, roboti mpya na vinyago vipya kwa kufuata michoro ambayo si yake? Mpangaji anaweza kukukaribisha kwenye chumba alichopanga, lakini hawezi kukuandikia hati ya nyumba. Ukiwa na mkataba wake wenye mihuri kumi, bado nyumba ina mwenyewe. Kanuni hii haina ujanja, na ndiyo inayowaangusha wenye barua pepe za mistari mitatu.

Walioumia hawakuwa wakubwa peke yao. Kampuni ya Marekani iitwayo FASA ilitoa mchezo wa mezani wa BattleTech katikati ya miaka ya 1980 ikitumia michoro ya roboti za Kijapani, zikiwemo za Macross, ikiamini ruhusa iliyopata kupitia mwagizaji wa vifaa vya kuunga vya mifano ya roboti hizo. Harmony Gold ikaipinga kwa leseni yake, wakafika mahakamani, na mwaka 1996 wakamaliza kwa mapatano. FASA ikaacha kuchapisha michoro hiyo, na wachezaji wakazipachika roboti hizo jina lenye maana ya zisizoonekana. Mwaka 2017 Harmony Gold ilizishtaki tena kampuni za michezo zilizorithi BattleTech. Kesi ikafutwa mwaka 2018. Hesabu miaka kati ya mchoro wa kwanza na kufutwa kwa kesi hiyo. Mtu mmoja mwenye studio ya chumba kimoja hawezi kubeba mzigo wa namna hiyo.

Kati ya Harmony Gold na Tatsunoko nako kulikuwa na mvutano. Walikwenda kwenye usuluhishi, na uamuzi wa mwaka 2017 ukaonyesha kwamba leseni inafikia ukomo tarehe 14 Machi 2021. Leseni huwa na tarehe ya mwisho, na kwa mtu wa kazi yangu tarehe ndiyo ya kwanza kutafutwa kwenye mkataba. Mwaka 2019 wawili hao wakatangaza kwamba wameongeza mkataba. Kisha Aprili 2021 ikatangazwa habari ambayo wapenzi wa Macross waliisubiri kwa muda mrefu: Big West na Harmony Gold wamepatana, mkataba umesainiwa tarehe 1 Machi. Filamu na misururu mingi iliyofuata ya Macross ikaruhusiwa kusambazwa duniani. Big West ikaitambua leseni ya Harmony Gold ya kutumia ile michoro 41 ndani ya Robotech, nje ya Japani, na ikakubali kutozuia filamu ya Robotech ya waigizaji halisi, si ya katuni, kuonyeshwa Japani. Mwaka 2024 misururu ya Macross ikaanza kuonekana Disney+, huduma ya kutazama filamu mtandaoni, katika baadhi ya nchi.

Angalia kwamba mapatano hayo hayakufuta hukumu za Tokyo. Michoro imebaki ya wenyewe, filamu ya mwenyewe. Kilichobadilika ni ruhusa. Anayesema kwamba sasa Macross ni ya wote anapotosha, na niseme wazi kwamba nimechoka kulisikia neno hilo.

Kwetu hili linahusu nini? Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, unailinda kazi ya Kijapani hapa kama inavyolindwa ya Mtanzania. Japani iliingia mwaka 1899, Marekani 1989, Kenya 1993, Tanzania 1994. Ulinzi hauhitaji usajili wala alama ya duara yenye herufi C, kwa hiyo hoja kwamba haikusajiliwa Tanzania haina mguu. Haki ya kutafsiri imetajwa waziwazi katika kifungu cha 8 cha mkataba huo kuwa ni ya mwenye kazi. Kuandika chini ya video kwamba haki zote ni za wenyewe hakukupi haki yoyote. Kinyume chake, umekiri kwa maandishi kwamba ulijua si yako.

Juu ya adhabu, kila nchi ina yake. Japani kosa la kukiuka hakimiliki linaweza kufikia kifungo cha miaka 10 au faini ya yeni milioni 10, au vyote viwili. Marekani mdai anayestahili fidia iliyowekwa na sheria anaweza kupewa dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi iliyokiukwa, na ikithibitika ulifanya makusudi inaweza kufika dola 150,000. Msomaji azingatie maneno kwa kila kazi. Hapa nchini mahakama inaweza kutoa adhabu ya fedha au kifungo, na inaweza kuamuru nakala ziteketezwe.

Anayetaka kufuata njia, aandike barua inayotaja jina kamili la kazi, namba za sehemu anazotaka, lugha, nchi, njia ya kuonyesha (televisheni, mtandao, flashi, ukumbi), muda, na kama anataka awe peke yake au pamoja na wengine. Flashi na mtandao ni njia mbili, usiziandike kama moja. Kisha aombe nakala ya mkataba unaompa mtoa leseni mamlaka, na juu yake nakala ya mkataba uliompa yule aliyempa, mpaka afike kwa mtengenezaji. Bei zinaweza kufichwa kwa wino, lakini vifungu vya eneo na muda visomeke. Mkataba ukiwa wa Kijapani, uambatane na tafsiri iliyothibitishwa. Jina nalo litafutwe kwenye daftari la alama za biashara: Tanzania Bara ni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, Zanzibar wana ofisi yao, na usajili wa upande mmoja haufiki upande wa pili. Bara alama inasajiliwa kwa miaka 7, kisha inahuishwa kwa miaka 10 kila mara, kwa hiyo usitosheke na kuona jina. Tazama limeisha lini.

Mtoa leseni akikataa kukuonyesha mamlaka yake, simama hapo hapo, usimtumie fedha. Akikubali, lete makabrasha yote kwa pamoja kabla hujasaini. Viambatisho visisahaulike, maana orodha ya nchi mara nyingi iko kwenye kiambatisho, ukurasa wa mwisho kabisa, na huo ndio ukurasa ambao vijana wetu huwa wameuacha nyumbani.