Vidoa vyeupe kwenye ultrasaundi ya korodani

Ripoti imeandikwa "maikrolithiasisi ya korodani", mwenye nayo kaingia intaneti, kakuta neno saratani, na usingizi umekwisha. Tuanze na kinachoonekana kwenye skrini.

Korodani yenye afya huonekana ya kijivu, laini, sare. Hii imekaa kama iliyonyunyiziwa chumvi: vidoa vyeupe vya milimita 1 hadi 3 visivyoacha kivuli nyuma yake. Ni kalsiamu iliyoganda ndani ya vifereji vinavyotengeneza mbegu. Vikifika 5 au zaidi katika picha moja, ndipo tunaandika jina hilo. Bonge lenye chokaa ndani yake ni habari nyingine kabisa. Hilo ni la daktari wa mfumo wa mkojo, tena haraka.

Je, vina uhusiano na saratani? Upo, kwa maana kwamba wenye saratani ya korodani huwa navyo mara nyingi zaidi. Ila katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2001 walipimwa vijana 1,504 wasio na dalili yoyote, wa miaka 18 hadi 35: asilimia 5.6 walikuwa navyo. Kwa weusi ilikuwa 14.1, kwa wazungu 4. Na saratani hii huwapata wazungu zaidi kuliko weusi. Kama vidoa ndivyo vingekuwa chanzo, hesabu ingekuja kinyume.

Ndiyo maana mwongozo wa wataalamu wa radiolojia wa Ulaya wa 2015 hautaki ufuatiliaji kwa vidoa peke yake. Ultrasaundi ya kila mwaka, hadi umri wa miaka 55, ni kwa aliyewahi kuugua saratani hii, mwenye baba au ndugu wa kiume aliyeugua, ambaye korodani haikushuka utotoni (hata kama ilishushwa kwa upasuaji), au mtu mzima ambaye korodani yake imesinyaa chini ya mililita 12. Kufanya CT (picha za eksirei za tabaka kwa tabaka) kwa ajili ya vidoa tu ni kuchoma pesa.

Ripoti nyingi husahau ujazo. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha mara 0.71: 3.5 × 2 × 1.9 inatoa kama mililita 9.4, imesinyaa.

Mara moja kwa mwezi, baada ya kuoga maji ya moto, viringisha kila korodani taratibu kati ya dole gumba na vidole. Kamba laini ya nyuma ni ya kawaida. Ukigusa kigumu kama kokoto, hata kisichouma, nenda hospitali wiki hiyohiyo.