Muwasho wa Mjamzito Usio na Upele

Wajawazito wengi ninaowaona katika kliniki ya ngozi huja kwa sababu ya rangi: madoa meusi mashavuni na kwenye paji la uso, au mstari mweusi unaoshuka kutoka kitovuni. Homoni za ujauzito huzichochea seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, na jua huyakoleza madoa ya usoni. Hayamdhuru mama wala mtoto, na mara nyingi hufifia baada ya kujifungua. Kinachodhuru ni mkorogo, kwani baadhi ya vipodozi hivyo vina zebaki, ambayo hupenya ngozi, huingia katika damu na kuvuka kondo la nyuma. Ni afadhali doa.

Anayenitia wasiwasi zaidi ni yule ambaye ngozi yake haionyeshi kitu. Hulalamika kwamba viganja na nyayo vinamwasha, hasa usiku, hata anakosa usingizi, nami nikimkagua sioni ila mikwaruzo ya kucha zake mwenyewe. Mimba ikiwa katika miezi mitatu ya mwisho, hulifikiria ini kwanza, kwa kuwa upo ugonjwa ambamo nyongo haitiririki ipasavyo na asidi zake hujikusanya katika damu. Wengi wao hawapati manjano, kwa hiyo macho meupe si sababu ya kuahirisha kipimo.

Kipimo chenyewe ni cha asidi za nyongo, pamoja na vipimo vya utendaji wa ini. Zikifika mikromoli 100 kwa lita, hatari ya mtoto kufia tumboni huongezeka, na mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Uingereza hushauri uzazi upangwe katika wiki ya 35 au 36. Majibu yakiwa ya kawaida na muwasho ukiendelea, kipimo kirudiwe, kwa sababu muwasho unaweza kutangulia.

Upele ukiwapo, nauliza ulianzia wapi. Ule unaoanzia kwenye michirizi ya tumbo na kukiacha kitovu kwa kawaida hausumbui zaidi ya kuwasha. Unaoanza kukizunguka kitovu na kutoa malengelenge uonwe na daktari mapema.

Muwasho wa ini huisha baada ya kujifungua, ingawa unaweza kurudi katika mimba nyingine. Aliyewahi kuupata amweleze pia mhudumu wa uzazi wa mpango, kwa kuwa vidonge vyenye estrojeni vinaweza kuuamsha upya.