Riwaya ya Distopia si Ramli

Nimeulizwa tena, safari hii katika kikao cha waandishi chipukizi mjini Iringa, kama mambo ya riwaya za distopia za vijana, yaani hadithi za jamii ya kubuni iliyojaa ukandamizaji, "yatatokea kweli", na kama hayatatokea, yanamfaa nini kijana wa Njombe au Mafinga. Mimi ni mhariri wa miswada. Anayetaka kujua ya kesho amwendee mpiga ramli.

Mwandishi wa distopia huchukua kanuni ambayo tayari ipo, huiondolea kila kinachoizuia, kisha huiacha ifike inakoelekea. Hapa nchini, hadi Novemba 2021, mwanafunzi aliyefukuzwa kwa sababu ya ujauzito hakuruhusiwa kurejea katika mfumo rasmi wa shule baada ya kujifungua, ilhali haki za msingi zilikuwa zimeingizwa katika Katiba tangu mwaka 1984. Kwa mwandishi makini hilo linatosha; roboti za nini?

Hivi karibuni nilisoma mswada unaohusu mashamba ya chai ya Mufindi katika zama ambazo kila mchumaji amepachikwa kifaa mkononi. Kurasa nzima zimetumika kueleza betri ya kifaa hicho. Kilichonisimamisha ni aya moja fupi, ambamo karani wa mizani anageuza kioo cha namba upande wake, anaandika kilo anazozitaka yeye, na binti aliyekuwa shambani tangu alfajiri, nguo zikiwa bado zimelowa ukungu, anajibu, "Asante, bosi." Distopia ni hiyo "asante". Betri niliifuta yote, na hadithi haikupungukiwa na kitu.

Wanaodai kwamba utanzu huu ni wa Wazungu nawaelekeza kwa Shaaban Robert, ambaye katika Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, anamleta Karama mahakamani kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Hata hivyo, mwisho wa kitabu hicho hunitatiza, kwa kuwa wanaoteseka gerezani hufunguliwa kwa amri ya mfalme yule yule ambaye utawala wake uliwafunga, nami sina hakika kama hiyo ni haki au ni hisani tu. Miswada ya vijana huenda upande wa pili: mtawala anapinduliwa, shujaa anasimikwa, na hakuna anayeuliza ni nani atakayemshtaki shujaa huyo akikosea. Wasomaji hupenda miisho ya namna hiyo, na bado sijaamua kama niwe naikataa.