Mozaiki ya kale haikarabatiwi iwe mpya

Watu wakitoka kutazama Boma la Iringa, jengo la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho, hukosi kusikia: "Vitu vya kale vikichakaa, piga saruji tu, vitadumu." Kwa mozaiki, zile sakafu za Warumi za vijiwe vya rangi vilivyopangwa kuwa picha, huko Tunisia na Uturuki, ushauri huo ni sumu, na ulishajaribiwa. Karne ya 20 nyingi zilibanduliwa na kuwekewa zege lenye nondo mgongoni. Nondo zikashika kutu, zikavimba, zege likapasuka pamoja na picha. Saruji nayo hutoa chumvi, ambayo huganda ndani ya vijiwe na kuvimenya taratibu.

Siku hizi mafundi wamerudi kwenye chokaa, laini na inayopitisha unyevu. Fundi hugonga sakafu polepole akisikiliza. Palipo na mvumo wa uwazi, huingiza chokaa nyepesi kwa bomba la sindano. Pengo huzibwa kwa chokaa tupu, bila kubuni picha iliyopotea. Na mara nyingine, watalii wasikie vibaya wasisikie, sakafu hufukiwa tena udongoni ili isiharibike.