Kiasi cha mauzo kama uthibitisho wa kupanda kwa bei ya hisa

Kiasi cha mauzo ni idadi ya hisa za kampuni fulani zilizotoka kwa wauzaji na kuingia kwa wanunuzi katika muda maalumu, aghalabu siku moja ya soko. Husemwa kuwa kiasi kimethibitisha kupanda kwa bei pale bei inapopanda huku hisa zinazouzwa zikiwa nyingi kuliko kawaida ya kampuni hiyo. Wazo hili ni la zamani, kwani limo katika nadharia iliyojengwa juu ya maandishi ya Charles Dow, mwandishi wa habari wa Marekani aliyefariki mwaka 1902.

Tuchukue hisa ya kubuni ambayo kwa siku 20 zilizopita imeuzwa kwa wastani wa hisa 50,000 kwa siku, kwa bei ya shilingi 400. Leo imefunga, yaani imemaliza siku ya soko, kwa shilingi 430. Kama zimeuzwa hisa 6,000 tu, huenda mnunuzi mmoja mwenye haraka amekubali bei ya juu kwa sababu wauzaji hawakuwapo, na kesho bei ikarudi ilikotoka. Lakini kama zimeuzwa hisa 180,000, maana yake ni kwamba wenye hisa wengi walitumia nafasi hiyo kuuza, hisa zao zote zikachukuliwa, na bado bei haikushuka.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na kosa hili hugharimu fedha. Kiasi kikubwa hakimaanishi kwamba hisa zilizonunuliwa ni nyingi kuliko zilizouzwa, kwa kuwa kila hisa iliyonunuliwa imeuzwa na mtu. Kinachopimwa ni uwezo wa wanunuzi kumeza hisa zinazoletwa sokoni bila bei kulegea; ndiyo maana kiasi hakina maana kikisomwa peke yake, bila kutazama bei ilifunga wapi.

Katika masoko yenye ukwasi mdogo, yaani ambamo hisa huuzwa kwa nadra, uangalifu unahitajika zaidi. Kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998, zipo kampuni ambazo hisa zake hupitisha siku nzima bila kuuzwa hata moja, hivyo wastani wa siku chache unaweza kupotosha, na ni afadhali kulinganisha majuma au miezi. Vilevile, taasisi mbili, kwa mfano mfuko wa pensheni na kampuni ya bima, zinaweza kukubaliana nje ya ushindani wa kawaida kuuziana fungu kubwa la hisa. Kiasi cha siku hiyo kitaruka sana, lakini hakitaeleza lolote kuhusu hamu ya wanunuzi wengine, na ni busara kumuuliza dalali kama mauzo yalikuwa ya namna hiyo.

Mwaka 1963 Joseph Granville wa Marekani alieneza hesabu rahisi: bei ikifunga juu kuliko jana, kiasi cha siku huongezwa kwenye jumla ya siku zilizotangulia, ikifunga chini, hutolewa. Jumla ikiendelea kukua pamoja na bei, mwenendo una nguvu. Bei ikipanda huku jumla ikidumaa, wanunuzi wanapungua.

Hata hivyo, baada ya bei kupanda kwa miezi mingi, siku yenye kiasi kikubwa mno ambayo bei hupanda asubuhi kisha ikafunga karibu na kiwango chake cha chini cha siku hiyo huweza kuashiria kwamba wenye hisa wa zamani wanawauzia waliochelewa kuingia.