Megapikseli nyingi haziondoi ukungu kwenye picha

Mjini Goma, picha ya harusi ikitoka na ukungu, lawama huenda moja kwa moja kwa kamera: megapikseli chache. Hesabu inakataa. Karatasi ya sentimita 20 kwa 30, ikichapwa kwa nukta 300 kila inchi, inahitaji megapikseli 8.4 hivi tu, yaani nukta milioni 8.4. Kamera ya 12 inatosha na kubaki.

Mkosaji wa kawaida ni kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inaacha mwanga uingie. Chukudu, lile skuta la mbao la kubebea mizigo, likiteremka na magunia ya makaa, 1/60 ya sekunde itakupa magurudumu yaliyoburutika. Anza na 1/1000. Mawingu yakifunga, pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 1600. Chengachenga zitaonekana, ndiyo, lakini hizo huvumilika, kuliko mtikisiko ambao kompyuta haiufuti vizuri. Fokasi, yaani mahali kamera inapolenga pawe wazi, iwe ya nukta moja, juu ya jicho. Ukiiachia kamera ichague, mara nyingi itashika kilicho karibu zaidi: usukani wa mbao badala ya uso wa dereva.

Volkano ya Nyiragongo ukiipiga picha kutoka mjini ni kisa kingine. Katikati kuna zaidi ya kilomita 10 za vumbi, moshi na mvuke, na hakuna lenzi, hata ya bei gani, inayovisafisha. Jaribu alfajiri, mvua ikiwa imenyesha usiku.